Faragha Mtandaoni: Matangazo Yanayotufuata na Majina ya Wenzetu Yaliyomo Simuni

Mpiga debe wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, humwita kila apitaye. Sauti yake humfikia mama aliyefuata vitenge, kijana anayekimbilia kituo cha mwendokasi cha Gerezani, na hata mzee asiye na haja ya kununua chochote. Mtu akishapita, mpiga debe amekwisha kumsahau. Tangazo la mtandaoni lina desturi nyingine. Huwaacha wengi wapite, likamwendea mmoja, kwa sababu limewekewa kumbukumbu ya alichokitazama juzi, mtaa anaoshinda mchana na anakolala usiku, umri wake, na watu anaowasiliana nao.

Makala haya yanaeleza jinsi kumbukumbu hiyo inavyokusanywa, sheria ya nchi na mafundisho ya Kanisa yanasemaje juu yake, na mwamini anayeishi au kufanya biashara katikati ya Jiji la Dar es Salaam anaweza kufanya nini. Tutakaa zaidi kwenye jambo moja ambalo mara nyingi husahaulika: katika simu ya mtu mmoja kuna majina na namba za mamia ya watu wengine, na watu hao hawakuulizwa.

Jinsi tangazo linavyomjua mtu

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa vitambaa vya sare za harusi. Akilipia tangazo katika Facebook au Instagram, mtandao humpa nafasi ya kuchagua nani alione: wanawake wa umri fulani, walio ndani ya kilomita chache kutoka dukani, ambao wameonyesha kupendezwa na mambo ya harusi. Mfanyabiashara hapewi majina yao. Kampuni ya mtandao ndiyo inayowajua, nayo huuza nafasi ya kuwafikia. Hiyo ndiyo biashara inayogharimia huduma tunazozitumia bila kulipa ada.

Kampuni huwajua kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni yale tunayoyaandika na kuyatazama ndani ya mtandao wenyewe. Ya pili ni vidakuzi, yaani alama ndogo zinazowekwa ndani ya simu au kompyuta na tovuti tunazotembelea, zinazowezesha tovuti nyingine kutambua kwamba ni mtu yule yule amerudi. Ya tatu ni kitambulisho cha utangazaji, namba ndefu ambayo kila simu ya Android au iPhone hubeba ndani yake. Programu ya mchezo, programu ya hali ya hewa na programu ya kupendezesha picha zinaweza zote kuisoma namba hiyo moja, na kwa njia hiyo habari kutoka sehemu mbalimbali zikaunganishwa juu ya mtu mmoja.

Njia ya nne ndiyo inayotugusa zaidi hapa kwetu, nayo ni namba ya simu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019, kwa kawaida namba ya Mtanzania imefungamanishwa na Kitambulisho cha Taifa cha mtu. Namba hiyo hiyo ndiyo tunayofungulia WhatsApp, ndiyo tunayotumia kutuma na kupokea fedha, na ndiyo tunayoiandika katika daftari la duka tunapoagiza mzigo. Mwenye duka akiwa na orodha ya namba za wateja wake anaweza kuipandisha katika mfumo wa matangazo. Mfumo huo huzilinganisha na namba ulizo nazo, kisha tangazo huwafikia wateja wale wale, na hata wengine wanaofanana nao kwa tabia. Wafanyabiashara wengi wanaofanya hivyo hawana nia mbaya. Lakini mteja alitoa namba ili apigiwe mzigo utakapofika, wala hakuna aliyemwambia kwamba ingefika mbali zaidi ya hapo.

Watu wengi husadiki kwamba simu inawasikiliza, kwa kuwa walizungumzia friji asubuhi na jioni wakaona tangazo la friji. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern nchini Marekani walichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android, na hawakupata ushahidi wa programu kuwasha kipaza sauti kwa siri na kupeleka maongezi ya mtu nje. Walichokikuta ni programu nyingine kurekodi yale yaliyokuwa yakionekana kwenye kioo cha simu na kuyapeleka kwa watu wengine. Kwa maoni yetu, ukweli huo unapaswa kutushtua zaidi kuliko ile dhana ya kusikilizwa. Friji ile ilitafutwa mtandaoni na mtu mwingine wa nyumba ile ile, au mwenye simu alisimama muda mrefu katika duka la friji huku simu ikitoa taarifa za mahali alipo. Hakuna haja ya kumsikiliza mtu ambaye nyendo zake zimekwisha kusema.

Simu mpya, na fundi anayeifungua

Katika maduka ya simu ya Kariakoo kuna utaratibu uliozoeleka. Mnunuzi akishalipa, muuzaji au fundi humfungulia simu: anaingiza laini, anatengeneza akaunti ya Google, anapakua WhatsApp na programu nyingine chache, kisha anamkabidhi ikiwa tayari. Ni msaada mzuri, hasa kwa wazee. Hata hivyo mara nyingi nywila ya akaunti hiyo aliibuni fundi, yeye ndiye anayeikumbuka, na kila ruhusa iliyoombwa na programu ilikubaliwa kwa haraka ili foleni isonge. Mwenye simu anaondoka akiwa mgeni katika nyumba yake mwenyewe.

Inafaa basi, siku hiyo hiyo, mwenye simu au kijana anayemwamini nyumbani abadilishe nywila ya akaunti, ahakikishe kwamba namba ya kurejesha akaunti ni yake, na aondoe programu asizozihitaji. Anayeuza simu yake ya zamani aifute yote kwa kuirudisha katika hali ya kiwandani, akiwa ameondoa kwanza akaunti zake. Simu iliyotumika ikinunuliwa pasipo kufutwa huwa na picha za watoto, ujumbe wa familia na namba za jumuiya nzima.

Orodha ya majina, na mikopo ya simuni

Miaka ya karibuni zimeenea programu za mikopo ya haraka. Mtu mwenye shida ya ada au ya mtaji hupakua programu, hujaza majina, na kabla ya kupata shilingi moja huombwa kuruhusu programu isome orodha ya majina iliyo simuni. Anakubali, kwa kuwa shida haisomi masharti. Na mara nyingi masharti yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza kirefu ambacho hata wakili angekisoma kwa shida. Siku ya malipo ikipita, ujumbe huanza kwenda kwa watu walio katika orodha ile: kwa shemeji, kwa mwajiri, kwa mwalimu wa kwaya, kwa mwenyekiti wa jumuiya. Unamtaja mkopaji kwa jina, unamwita tapeli, pengine umeambatanishwa na picha yake.

Hapa ndipo suala la faragha linapoacha kuwa habari ya matangazo ya viatu. Mtu anavunjiwa heshima mbele ya watu ambao kesho atakaa nao benchi moja kanisani. Wapo wanaoacha kuhudhuria jumuiya kwa aibu ya ujumbe ambao hawakuuandika wao. Na wale wengine mia mbili au mia tatu, ambao namba zao zilichukuliwa, hawakukopa chochote. Sasa namba zao zimo mikononi mwa watu wasiowajua, na zinaweza kuuzwa tena.

Mamlaka zimechukua hatua. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kufuata utaratibu. Google nayo, tangu mwishoni mwa Mei 2023, imezikataza programu za mikopo binafsi zilizo katika duka lake kusoma orodha ya majina na picha za mtumiaji. Kwa sababu hiyo, programu ya mkopo inayotumwa kama faili kupitia WhatsApp, nje ya duka rasmi, ni ya kuogopwa maradufu: imepita pembeni mwa mlango wenye mlinzi.

Jirani zetu wa Kenya wametangulia kidogo katika jambo hili, na maamuzi yao yanafundisha. Sheria yao ya ulinzi wa taarifa ilitungwa mwaka 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa alizitoza faini taasisi tatu kwa mkupuo. Kampuni ya Mulla Pride, iliyokuwa ikiendesha programu za mikopo za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi za Kenya 2,975,000 kwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine, na kuwatumia watu ujumbe wa vitisho. Casa Vera Lounge, mahali pa starehe jijini Nairobi, ilitozwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Roma School ilitozwa 4,550,000, kiasi kikubwa kuliko vyote vitatu, kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tuliweke akilini hilo la shule, maana tutalirudia.

Sheria ya nchi na sauti ya Kanisa

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kupata hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, makazi yake na mawasiliano yake. Kwa muda mrefu haki hiyo haikuwa na sheria mahususi ya kuitekeleza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024.

Kwa lugha nyepesi, sheria hii inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na lengo halali na alieleze, akusanye kiasi kinachohitajika tu, azitunze kwa usalama, na asizitumie kwa lengo jingine. Inampa mhusika haki ya kujua taarifa gani zake zimetunzwa, kuzirekebisha, kuomba zifutwe pale inapostahili, na kumzuia mkusanyaji asizitumie kwa matangazo ya biashara. Sheria haijakamilika kwa kila namna. Mei 2024 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam, katika shauri lililofunguliwa na wakili Tito Magoti, ilibaini kwamba baadhi ya vifungu vyake havikuwa na uwazi wa kutosha, ikaelekeza virekebishwe. Hata hivyo mwananchi wa kawaida amekwisha kupata mahali pa kushitaki, jambo ambalo miaka michache iliyopita halikuwapo.

Kanisa lilizungumza mapema zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 26, unaitaja hifadhi ya maisha binafsi miongoni mwa haki za binadamu, pamoja na chakula, mavazi, makazi na sifa njema. Sheria za Kanisa, kanoni ya 220, zinakataza kuharibu sifa njema ya mtu isivyo halali na kuvunja haki yake ya kulinda faragha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2489, inafundisha kwamba hakuna mtu anayelazimika kuufunua ukweli kwa asiye na haki ya kuujua, na namba 2492 inataka kila mmoja awe na kiasi kuhusu maisha ya faragha ya wengine. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka Fratelli Tutti wa mwaka 2020, alisikitika kwamba maisha ya watu yamegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa na kuchunguzwa. Mafundisho haya hayakuandikwa kwa ajili ya kampuni za California peke yake. Yanamhusu pia katibu wa jumuiya mwenye daftari la majina.

Parokia nayo hukusanya taarifa

Sheria ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za imani ya dini, za afya, za watoto na za miamala ya fedha ya mtu katika kundi la taarifa nyeti, zinazodai uangalizi wa pekee. Tutafakari sasa yaliyomo katika ofisi ya parokia ya mjini: vitabu vya ubatizo na ndoa, orodha ya zaka na michango ya ujenzi, majina ya watoto wa Komunyo ya Kwanza na Kipaimara, majina ya wagonjwa wanaopelekewa Sakramenti. Karibu kila kitu kilicho humo ni taarifa nyeti. Vitabu vya sakramenti vina kanuni zake za kale, na kwa kawaida vinatunzwa vizuri. Tatizo limehamia simuni.

Kikundi cha WhatsApp cha jumuiya huanza na familia kumi na tano, na baada ya miaka miwili kina watu mia moja, wakiwemo waliohamia Mbagala au Kibaha na wengine ambao hakuna anayekumbuka waliingizwa na nani. Kila aliye ndani anaona namba za wenzake wote. Siku moja ujumbe unatumwa: mama fulani wa jumuiya yetu amelazwa Muhimbili, wodi fulani, ana ugonjwa fulani, michango itumwe kwa namba hii. Nia ni upendo. Lakini ugonjwa wa mtu umekwisha kutangazwa kwa watu mia moja, na kila mmoja wao anaweza kuusambaza. Tapeli aliyemo kimya katika kikundi ana kila anachohitaji: jina la mgonjwa, jina la mpokea michango, na namba za wanaojali. Anachobakiza ni kutuma ujumbe ule uliozoeleka nchini, kwamba ile hela itumwe kwenye namba hii nyingine.

Inatosha kusema kwamba mwanajumuiya anaumwa na anaomba sala. Ugonjwa wenyewe atautaja mgonjwa mwenyewe akipenda. Orodha ya waliotoa zaka, na zaidi sana ya wasiotoa, haina sababu ya kuwekwa kikundini. Kwa matangazo ya parokia nzima, sehemu ya matangazo ya Jamii katika WhatsApp huficha namba za wanachama wasionane, tofauti na kikundi cha kawaida. Anayehama jumuiya aondolewe kikundini kwa taarifa na heshima, kama vile anavyoagwa.

Kuhusu picha za watoto wa Komunyo ya Kwanza, tunasema wazi: wazazi waulizwe kwanza, kwa maandishi, wakati wa kuandikisha mafundisho, na wanaokataa wasionekane kama watu wa ajabu. Picha ya kundi zima mbele ya altare bila majina ni jambo moja. Picha ya mtoto mmoja, jina lake kamili, parokia yake na shule yake, katika ukurasa ulio wazi kwa dunia nzima, ni jambo jingine.

Waamini wenye maduka nao wanahusika. Namba aliyoiacha mteja kwa ajili ya mzigo, au iliyoonekana alipolipia kwa Lipa Namba, isipelekwe kwa mfanyabiashara mwenzako wala isiingizwe katika kikundi cha mauzo bila yeye kuridhia. Kumuuliza kunachukua sekunde chache pale kaunta.

Hatua za kuchukua simuni

Katika simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Google, kisha Matangazo. Hapo unaweza kufuta kitambulisho cha utangazaji. Matangazo yataendelea kuonekana, ila programu mbalimbali hazitaweza tena kukutambua kwa namba ile moja. Kwa wenye iPhone, tangu Aprili 2021 kila programu inalazimika kuomba ruhusa kabla ya kufuatilia shughuli zako katika programu na tovuti nyingine, chagua kukataa. Katika Facebook na Instagram, sehemu ya mapendeleo ya matangazo iliyo chini ya Kituo cha Akaunti hukuonyesha mtandao unadhani unapenda nini, na humo unaweza kutenganisha akaunti yako na taarifa zinazotoka kwenye tovuti na maduka mengine.

Muhimu kuliko yote hayo ni ruhusa. Katika Mipangilio, sehemu ya Programu, angalia kila programu imeruhusiwa nini. Tochi haihitaji kujua majina ya ndugu zako. Mchezo wa mtoto hauhitaji mahali ulipo. Programu ikikataa kufanya kazi bila orodha ya majina, nayo kazi yake haihusu majina, iondoe. Katika WhatsApp weka namba ya siri ya hatua mbili, na katika mipangilio ya faragha chagua kwamba walio katika majina yako tu ndio waweze kukuingiza kikundini. Piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa Kitambulisho chako cha Taifa. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma wa mtandao husika ifungwe. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upeleke kwenye 15040.

Aliyekwisha kuruhusu programu ya mkopo isome majina yake ajue kwamba kuiondoa simuni hakufuti orodha iliyokwisha kuchukuliwa. Ainyime ruhusa kwanza, ndipo aiondoe. Kisha amwandikie mkopeshaji akitaka taarifa zisizohusu deni zifutwe, na atunze nakala. Akitishwa au kutangazwa kwa watu, apige picha kioo cha simu kabla ujumbe haujafutwa, aandike tarehe na namba iliyotumika, awaombe ndugu waliopokea ujumbe wafanye vivyo hivyo, kisha apeleke malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi; na ikiwa mkopeshaji hana leseni, aiarifu pia Benki Kuu. Deni lenyewe, kama ni halali, linabaki kuwa deni. Malalamiko haya yanahusu namna lilivyodaiwa, na ndugu walioandikiwa ujumbe bila kukopa chochote wanaweza nao kulalamika kwa majina yao wenyewe.